Pampu ya Chemchemi na Seli za Moyo

Saa kumi na moja alfajiri, fundi wa maabara anavua viatu mlangoni, anaingia na soksi, anaketi mbele ya hadubini huku amebana pumzi. Ana haraka. Saa mbili asubuhi pampu ya maji iliyo nyuma ya ukuta itawashwa, na kazi yake itakuwa imeharibika.

Kazi yenyewe ni kupima nguvu za seli za moyo, moja moja. Seli hai hulazwa juu ya jeli laini iliyochanganywa na vishanga visivyoonekana kwa macho. Ikijikunja, huivuta jeli na vishanga husogea. Vikisogea sana, seli ina nguvu. Vikisogea kidogo, imechoka.

"Yataka mkono mtulivu na nyumba tulivu," anasema mama huyu, ambaye wenzake humwita Mama Nyayo kwa jinsi anavyowafokea wanaotembea kwa kishindo koridoni. "Mkono ninao. Nyumba wameninyang'anya."

Waliomnyang'anya ni wakubwa wa taasisi. Walijenga chemchemi ya mapambo chini ya dirisha la mkurugenzi, pampu yake wakaifunga kwenye ukuta wa maabara, nayo ikiwaka huutetemesha. Inarusha maji asubuhi hadi jioni. Hakuna anayeyanywa, hakuna anayeyafulia, ni ya kutazamwa tu!

Seli zilizo kwenye kisahani cha jeli zimetokana na damu ya mdogo wake Mama Nyayo, iliyogeuzwa maabara kuwa seli za moyo, aliyejifungua mtoto wa pili akabaki na moyo dhaifu. Watafiti wanazijaribia dawa, na daktari anasubiri kujua ipi ya kumwanzishia.

Mwezi uliopita, baada ya seli kutiwa dawa mojawapo, vishanga viliruka kuliko siku zote. Maabara nzima ilishangilia. "Nikampigia simu palepale. Nikamwambia, mdogo wangu, dawa imepatikana! Akalia, nami nikalia."

Kesho yake alipitia picha upya, akatazama kona ya jeli isiyo na seli hata moja. Nako vishanga vilikuwa vikicheza. Walikuwa wameipima pampu.

"Kumpigia simu ya pili ndiko kulikonimaliza," anasema.

Tangu hapo huwahi alfajiri, lakini haisaidii sana, kwani kila dawa huhitaji kutazamwa usiku na mchana bila kukatizwa. Alipolalamika, ofisa wa majengo alicheka. "Mama, kitu hata hakionekani, kitasumbuliwaje na maji?" Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sasa ameomba kikao na wakubwa, nacho kimepangwa ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti. Atapeleka picha za ile kona tupu. Mdogo wake, ambaye kila ajapo hulazimika kuketi ukingoni mwa chemchemi hiyo hiyo ili apate pumzi, amekataa kubaki chini.

"Nitapanda mwenyewe, dada," anasema. "Nikichoka nitakaa kwenye ngazi. Na wao wangoje, kama ninavyongoja mimi."