Mama Shufaa, Umeutazama Mwisho Bila Mimi

Mpaka sasa akili yangu inakataa. Mama Shufaa, mhudumu wa ofisi yetu hapa Masasi, tumemzika Jumatatu kwao Mkunya, Newala, na mimi bado nikisikia vikombe vinagongana nageuka.

Nasema mapema: sijaja kumsifia tu. Nimekasirika. Anayetaka maneno matamu aende kwenye group la ofisi, yamejaa tele.

Wengi mlimjua kwa chai. Mimi nilimjua kwa vyombo vya angani. Miaka minne, kila lunch, tulijifungia stoo ya mafaili na kompyuta ya ofisi, tukatazama dunia ambazo hazipo. Boss, nisamehe, nilikwambia tunapanga mafaili.

Mama wa miaka hamsini na kitu, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Mkalimani wake nilikuwa mimi, na nikichelewa kutafsiri ananifinya paja.

Hakuwa mtazamaji wa kushangaa tu. Kwenye ile series yetu kubwa, chombo kimeishiwa maji huko angani, na wanasayansi wanaosha kofia zao. Alisimamisha video. "Hawa hawajawahi kuteka maji bondeni," alisema. "Mtu wa Newala hawezi kufa kijinga hivi."

Kuna nyingine ya malkia na majoka, nikamletea kwa mbwembwe. Aliikataa siku ya pili. Binti anatawazwa na hajachezwa unyago, sasa nani kamfundisha kuishi na watu? Tukaifuta.

Aliyempenda kuliko wote ni roboti mpishi wa kile chombo. Wakubwa wanampita bila salamu, yeye anaosha vikombe vyao. Roboti akiingia tu, Mama Shufaa anakaa sawa kwenye kiti, ameona ndugu.

Siku roboti alipoachwa peke yake kwenye sayari ya vumbi jekundu, kapteni akaahidi kumrudia. Lunch ikapita tumekaa palepale, na meeting ya mchana nikaichelewa.

Zilibaki episode sita za kumaliza kabisa. Tukapeana mikono: hakuna kutazama peke yako. Sheria hiyo aliitunga yeye, si mimi.

Wiki ileile akaomba leave, anakwenda Mkunya kuokota korosho.

Miezi miwili. Voice note zikija: korosho zimekubali, jua kali, Mama Glory wangu, vumilia, narudi tumalize. Nikavumilia. Binamu yangu wa damu nilimblock kwa sababu alipost picha ya kapteni, nisije nikaujua mwisho.

Korosho hazikuwepo. Alikuwa amelazwa.

Na nimelijua wapi hili? Msibani, mbele za watu. Mnawajua watani wa huku kwetu. Mtani wake, Mama Hadija, amejifunga kanga za marehemu, amevaa sufuria kichwani ndiyo kofia ya angani, akajilaza mkekani na simu usoni. Akaanza kumwigiza marehemu anavyowahadithia wagonjwa wenzake wodini mwisho wa series. Kwamba kapteni aligeuza chombo, akarudi, akamchukua roboti wake.

Wanawake wanacheka huku wanalia. Mimi nimesimama na sinia la wali mkononi. Wodini? Simu? Mwisho?

Nilimvutia Mama Hadija nyuma ya nyumba, na shikamoo sikutoa, nakiri. Kumbe yeye ndiye aliyemuuguza. Ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, ndugu wote wanajua, nimebaki mimi.

"Alitukataza tusikwambie," akasema. "Alisema ukijua, utaacha kutazama video uanze kumtazama yeye."

Na alipoona hatatoka pale, akamuomba nesi mmoja amtafutie zile sita. Akazimaliza kitandani, peke yake.

Mama Shufaa, ningekuja. Ningepanda gari la kwanza, nikakaa pembeni ya kitanda chako nikakutafsiria mpaka manesi wanifukuze. Uliniona mtoto? Uliona sitaweza? Kila voice note yako niliipigia kelele za furaha hapa ofisini, na wewe una dripu mkononi. Umenisaliti, na sina neno dogo kuliko hilo.

Juzi nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikatazama zote sita.

Kapteni harudi. Chombo kinaondoka, roboti anabaki kwenye vumbi anaangalia juu. Pale hakuna hata neno moja la Kiingereza, ni picha tupu, hakuhitajiki mkalimani. Kwa hiyo uliona. Uliona vizuri kabisa, kisha ukawageukia wagonjwa ukawaambia amerudi.

Nikasema basi, huyu mwanamke alikuwa mwongo wa kila mtu, nitaandika hivyo na nitafunga.

Jana ikaingia simu, namba ngeni. Mama mmoja wa wodi ile, bado amelazwa. Simu yake ni kitochi, huku mtandaoni hawezi kuingia akasoma. Akajieleza polepole, kwa kupumzika kila baada ya maneno mawili. Mama Shufaa aliwaambia kuna mwenzake Masasi anayejua Kiingereza, akawaachia namba yangu, wenye wasiwasi waniulize.

"Mwanangu," akasema, "ni kweli yule kapteni alirudi?"

Nikasikia mwingine kando yake anauliza, amesemaje, amesemaje.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Alirudi."

Akashukuru sana. Akawaambia wenzake, nikawasikia wanapokezana habari hiyo kitanda kwa kitanda, mpaka simu ikakatika. Nililia palepale dirishani, na hasira haikupungua hata kidogo.

Kwa hiyo umenifanya mwongo mwenzako, na hukuniaga.

Haya, lala salama, Mama Shufaa. Mimi bado nimekukasirikia.