Mwantumu Hakutaja

Mwantumu binti Awadhi, mkulima wa ufuta wa Ruponda, aliogopa uchungu wa uzazi kama wenzake, lakini kuulizwa alikuogopa zaidi. Kwao, uchungu ukikawia, kina mama wazee walisema mtoto amezuiwa na siri: mzazi amtaje mwanamume aliyelala naye nje ya ndoa, njia itafunguka. Kwa mimba ya kwanza walimuuliza mpaka akili ikamruka. Hakuwa na wa kumtaja. Akataja jina lililomjia kwanza mdomoni, la Saadi, muuza samaki wakavu. Mtoto akazaliwa hana uhai. Saadi akahama kijiji kwa aibu, na Bashiri, mumewe, akamaliza msimu mzima hamtazami mkewe usoni.

Mwaka 1957 mafua yaliyoizunguka dunia yalipofika kwao, wilaya ya Nachingwea, Mwantumu alikuwa na mimba nyingine. Ufuta ulikauka ukapasukia shambani, maana wavunaji walikuwa vitandani. Wakunga wote wa kijijini waliugua. Kwa hiyo uchungu ulipomshika, Bashiri alimpakia kwenye baiskeli, akaikokota hadi zahanati. Nyuma yao alifuata mama yake Bashiri, Mwanaheri, akikohoa na kuegemea fimbo. Ndiye aliyeongoza maswali kwa mimba ile ya kwanza.

Mkunga wa zahanati, Teodosia, alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni. Wanaokohoa hakuwaruhusu ndani, lakini Mwanaheri hakumfukuza. Alimwekea kigoda nje, chini ya dirisha, mkwe wake amsikie na asijione peke yake.

Ndani alitundika kanga kukizunguka kitanda. Kila alipotaka kupita alisimama nyuma ya kanga akabisha hodi. Mwantumu, pamoja na maumivu yake, alicheka.

"Dada, nyumba si yako?"

"Nyumba yangu. Mwili wako."

Akamuuliza anataka kukaaje. Hakuna aliyewahi kumuuliza Mwantumu hivyo. Mwishowe akasema anataka kupiga magoti kama wanavyofanya nyumbani, na Teodosia akamtandikia mkeka.

Alasiri ilifika, mtoto hajafika. Mwantumu akalitazama dirisha. Alijua kinachofuata, nacho kikaja kupitia dirishani, katikati ya kikohozi.

"Mwambie ataje, mwanangu. Jina ndilo limemzuia mtoto."

Mwantumu akafumba macho. Jina la mtu, mtu yeyote, lilikuwa tayari kwenye ulimi wake.

"Bibi," Teodosia alijibu kwa upole, "mtoto kageuka vibaya, na mama yake kachoka. Hapa hatuulizi majina. Ukitaka kumsaidia, mpikie uji."

Mwantumu alisubiri matusi. Badala yake alisikia fimbo ikiburuta mchanga kuelekea jikoni.

Uji wa mtama ulipitishwa dirishani, wa moto, wenye chumvi kidogo. Mwantumu alikunywa, akatembea akimshika Teodosia bega, akapiga magoti tena. Ulimi wake ulitulia. Jua lilikuwa bado juu ya mikorosho mtoto wa kike alipolia, na sauti yake ikamfikia bibi yake nje kabla ya mtu kutoka kumpa habari.

"Kamtaja nani?" Mwanaheri aliuliza, maana mazoea yana taabu.

"Hakuna, mama," Mwantumu alijibu mwenyewe, kwa sauti iliyomfikia hata Bashiri kwenye baiskeli yake. "Si sasa wala zamani."

Bashiri aliinama. Baada ya wiki mbili alifunga safari kwenda Ruangwa kumtafuta Saadi amwombe radhi.

Mwaka uliofuata wifi yake Mwantumu, Mwanaima, alishikwa na uchungu ukakawia. Kina mama wakasogea, mmoja akafungua kinywa kuuliza. Mwantumu aliinuka, lakini alitanguliwa. Mwanaheri alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, fimbo mkononi na kibuyu cha uji kwapani.

"Mwacheni," alisema. "Na kila anayeingia hapa, abishe hodi."