Wifi, Mwanangu Ameamka Anacheka

Wifi yangu ni dobi, na mtaa mzima unajua siku anapojiunguza na pasi, kwa sababu siku hiyo hucheka akasikika hadi nyumba ya tatu. Ukoo wao ndivyo ulivyo. Sisi wengine tukiumia tunalia, wao wanacheka. Mimi nimeolewa na kaka yake, na nilikuwa sijui. Siku za uchumba nilimkanyaga kwa kisigino, akacheka vizuri sana, nikasema moyoni, huyu ananipenda. Kumbe maskini ya Mungu alikuwa anaumia.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Binti wa wifi, tunayemwita Chiriku kwa maneno yake mengi, alipanda ukuta wa uani kuanua soksi ya mteja iliyopeperushwa na upepo, akaanguka na kuangukia mkono wa kulia. Mama yake aliacha pasi juu ya shati la watu na kumkimbiza hospitali. Huko daktari akauminya mkono, Chiriku akacheka. Akauminya tena, Chiriku akacheka zaidi.

"Mama, mtoto aliyevunjika hawezi kucheka hivi," daktari akasema. "Ni msuli tu umeshtuka. Mpe dawa ya maumivu."

Wifi alijaribu kumweleza, lakini mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia. Wakarudishwa nyumbani na vidonge na kitambaa cha kuning'inizia mkono.

Asubuhi nilikuwa nachambua mchele nilipomwona wifi mlangoni, kilemba kimekaa upande.

"Wifi, mwanangu ameamka anacheka."

Sinia nusura linidondoke. Nikajitupia khanga, tukaondoka na mtoto kurudi hospitali.

Njiani Chiriku hakusema neno, yeye ambaye huongea hata akiwa usingizini. Kila tulipokanyaga shimo alitoa kicheko chembamba, na jasho likimtoka puani. Wifi alimshika begani na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba anaogopa. Mfupa ukiunga vibaya, mkono utapinda, na mtoto ni wa kike, na ndio mkono anaoandikia. Nilimwambia usiwaze hayo, nami nayawaza hayo hayo.

Daktari alikuwa yule yule, kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Anaendeleaje?"

"Anacheka, daktari."

"Basi vizuri!"

"Si vizuri hata kidogo! Mpige picha huo mkono."

"Mama, picha hatupigi ovyo. Tunapiga penye dalili."

"Dalili ndiyo hiyo. Sisi kwetu tukiumia tunacheka."

Daktari akatabasamu. Mimi hapo nikapandwa na hasira, maana nami ulimi wangu si wa kuazima. Nikamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akanijibu kwa adabu kwamba kuna watu wanangoja nje. Wifi akainuka kwa ghadhabu, aseme naye la kwake, na kidole kidogo cha mguu kikagonga mguu wa kitanda cha chuma.

Nyote mnakijua kidole hicho. Wifi alishika ukingo wa kitanda akacheka. Alicheka akainama, akacheka akaketi sakafuni, machozi yanamtiririka, hadi muuguzi akachungulia kuona kuna sherehe gani. Daktari naye akaanza kucheka, kwa kuwa kicheko kile kinaambukiza. Chiriku peke yake hakucheka. Alishuka kwenye kiti, akamwinamia mama yake.

"Pole mama. Imeuma sana, eh?"

Daktari akakatiza kicheko. Akatazama chini, akaona ukucha umeinuka na damu inachuruzika. Akamtazama Chiriku. Kisha akaushika mkono wa mtoto taratibu, akauminya huku akimwangalia paji la uso badala ya mdomo. Mtoto akacheka, na paji lote likalowa jasho.

"Mpelekeni akapigwe picha," akamwambia muuguzi. "Sasa hivi. Na huyu mama mfungeni kidole."

Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na kifundo. Daktari alitoka nje mwenyewe kutuambia, na hakutafuta maneno ya kujikinga. "Nisameheni. Mama aliniambia, nami sikumsikiliza. Mngeniamini, mkono ungepinda." Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nikayameza. Mtu akikiri kosa lake mchana kweupe, utamfanya nini tena?

Chiriku akafungwa plasta, na maneno yakamrudia hapo hapo. Kwa muda wote aliokaa na plasta hakufua hata kitambaa, na alitutuma kama malkia.

Siku ya kuifungua tulikwenda wote. Daktari akaikata plasta ile, akaufuta mkono uliopauka, akauminya pale pale palipovunjika. Chiriku hakucheka. Daktari akauminya kwa nguvu zaidi, akaugeuza huku na huku. Chiriku kanuna kama karani wa zamu ya jioni.

"Kwani wewe daktari huna wagonjwa wengine?" akauliza.

Nikasikia kwikwi nyuma yangu. Wifi alikuwa amejifunika uso kwa khanga, analia kwa sauti, mabega yanamtetemeka. Daktari akauacha mkono wa mtoto, akamkimbilia.

"Mama! Umeumia wapi tena?"

"Mwache, daktari," nikamwambia. "Huyo leo hajaumia popote."