Nilivyowalaza Chini Wageni wa Afande

Nichekeni tu, maana hata mimi nikipita mtaa wa Kimaka siku hizi najifunika mtandio mpaka puani ili nisitambuliwe, na bado kuna muuza nyanya mmoja pale hunipigia saluti.

Kazi yangu mnaijua, nachora nyumba kwenye tableti, zile picha ambazo mtu anaingia sebuleni, anageuka, anaona mpaka jikoni, na hadi siku hiyo wateja wangu wote walikuwa ndugu (yaani watu wasioweza kunikataa). Ndipo akanijia afande mmoja mstaafu, anataka kumjengea mama yake nyumba kule Buwenge, akaniambia, "Wewe lete hiyo picha kwangu, mama ataona. Mama akikubali, kazi yako. Akikataa, basi." Wiki nzima nikawa nachora na kufuta.

Kaka yangu Ramadhani, fundi simu kule Mbale, alinionya kwa simu asubuhi ya siku ya kuipeleka: "Hadija, hiyo programu ni nzito, tableti yako itachemka. Punguza mwanga, usiichaji huku unaitumia, na vua hilo godoro." Godoro alimaanisha kava, ambalo nililishona mwenyewe kwa kitenge na sponji nene, na jamani lilikuwa zuri. Wallahi nilitaka kulivua palepale barazani kwa afande, hapo Kimaka, lakini mkewe akalishikashika akasema, "Nyabo, kava yako mzuri sana!" basi kichwa kikanivimba, nikaliacha.

Jua la saa saba linapiga bati, mwanga nimeuweka hadi mwisho ili kila mtu aone, pawabenki inachaji, na shangazi zake afande kama kumi waliotoka Buwenge, wote na gomesi zao (yale magauni yenye mabega yaliyochongoka), wamemzunguka jajja, mama yake afande, ambaye ameipakata tableti na anatembezwa ndani ya nyumba yake. Tunaongea Kisoga, lugha ya kwao, mambo safi kabisa. Tukapita sebule, tukaingia chumba chake cha kulala, mara picha ikaanza kusuasua, ikakwama ukutani, halafu likatokea onyo kwamba kifaa kimepata joto kupita kiasi. Nikagusa kwa nyuma. Lahaula! Sufuria ya ugali ina nafuu! Nikawaza hii betri itapasuka, tena mapajani mwa bibi wa watu.

Sasa mimi nikishtuka, Kisoga chote kinaruka, kinabaki Kiswahili cha nyumbani kwetu Mbale, ambacho mama alitulea nacho kwa sauti ya juu. Nikapiga ukelele: "Weka chini! Weka chini! Haraka!"

Nilimaanisha tableti. Lakini wazee wa Buwenge hawakijui Kiswahili cha jikoni kwa mama yangu, wanakijua cha wanajeshi wa miaka ile ya vurugu, waliosimama barabarani na bunduki, na neno "chini" walizoea kulisikia likija na amri moja tu. Shangazi wote wakalala kifudifudi, na yale mabega ya gomesi yamesimama juu, chai imemwagika, mmoja kaingiza kichwa chini ya kiti (mwili wote nje). Na jajja naye akalala, juu ya tableti.

Nikabaki nimesimama peke yangu. "Amkeni! Samahani, amkeni!" nikazidi kupiga kelele kwa Kiswahili kilekile, nao wakazidi kujibana sakafuni. Afande akatoka ndani na taulo begani, akatazama baraza lake lote.

"Mimi miaka yote ya jeshi," akasema, "sijaona watu kulala haraka namna hii! Nani alikufundisha?"

Akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akainama akamwinua mama yake kwa Kisoga cha polepole. Jajja hakucheka. Alikuwa bado anachungulia barabarani, na hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe hasa, si ile ya kuchekwa. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha kwa Kisoga, machozi yananitoka, na kazi nikajua imeshapotea.

Tableti ilikuwa imezima. Nikachomoa waya, nikavua godoro, nikailaza kivulini. Jajja akachukua pepeo lake, akaanza kuipepea bila kuniangalia, kama mtoto mwenye homa. Baadaye ikawaka. Akanyoosha kidole kwenye chumba chake.

"Mwana wange, hapa hakuna mlango wa nyuma."

"Hiki ni chumba cha kulala, jajja. Mlango wa nyuma wa nini?"

"Nilipolala pale chini, huo ndio niliokuwa nautafuta."

Nikauchora palepale. Akauangalia, akaufungua na kuufunga kwa kidole mara tatu, ndipo akamwambia mwanawe kwamba nyumba ameikubali.

Lile kava sasa naepulia sufuria. Na tableti ikichemka tena, jamani, nitaichukua mwenyewe kimyakimya, hata ikiniunguza vidole vyote kumi.