Mserbia Anayesubiri Mwenzake Ajitoe

Saa mbili asubuhi, theluji ikiwa imefika magotini huko nje, Ognjen Pavkov anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya mwamuzi mkuu. Viatu amefunga. Raketi mbili ziko mapajani. Jasho la kupasha misuli limeshamkauka mgongoni, lakini haondoki.

Mchezaji mmoja anakohoa karibu na mashine ya maji. Ognjen anageuza shingo haraka, kisha anaona aibu na kutazama sakafu.

"Nimekuwa mtu mbaya," anasema akicheka. "Mtu akichechemea tu, moyo wangu unaruka."

Ndiyo kazi yake leo. Ni mchezaji wa akiba katika mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa, yanayochezwa kwenye ukumbi wa klabu moja nje kidogo ya Minneapolis, Marekani. Jana alishindwa katika mchujo. Mtu asipojitoa kabla ya mechi ya mwisho ya raundi ya kwanza, hachezi.

Na asipocheza akashinda, jina lake linafutika kwenye orodha ya dunia. Pointi ya tenisi huishi mwaka mmoja tu. Yeye amebakiwa na moja, aliyoipata Uturuki Februari iliyopita, na Jumatatu inakufa.

Ognjen ana miaka 28. Ni mzaliwa wa Kikinda, mji mdogo kaskazini mwa Serbia, nchi iliyotoa mabingwa wanaojulikana hata na watu wasiojua raketi inashikwaje. Yeye si mmoja wao, na wala hajifanyi.

"Nikisema natoka Serbia, watu wanachangamka," anasimulia. "Nikiwatajia namba yangu, wanaanza kuzungumzia hali ya hewa."

Namba yake bora ilikuwa 541. Kisha kifundo cha mkono wa kushoto kikamsaliti, akafanyiwa upasuaji, akakaa miezi saba bila kucheza huku pointi zikifa moja baada ya nyingine. Krismasi iliyopita alikubaliana na mama yake: jina likitoka kwenye orodha, anarudi Kikinda kuuza saruji na misumari katika duka la mjomba.

"Nilijiambia nitapumua," anasema. "Hakuna tena viwanja vya ndege, hakuna tena kulala na soksi zinazokaukia kwenye taa."

Anayeshindwa raundi ya kwanza katika ngazi hii huambulia kama dola mia na hamsini kabla ya kodi. Hoteli ingezimeza kabla hajafungua begi. Ndiyo maana wachezaji wa aina yake hulala kwa familia zinazojitolea, naye amepewa chumba Brooklyn Center, kitongoji cha jirani, kwa Makena na Gitonga, Wakenya ambao binti yao, Natasha, anajifunza tenisi klabuni hapo.

"Nilidhani tutaletewa celebrity," anasema Makena, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. "Akaingia kijana mrefu hivi, kitu cha kwanza akauliza, washing machine iko wapi? Nikasema, aah, huyu ni wetu."

Nyumbani wanamwita Ogi. Kiswahili chake ni cha mezani: chai, asante, ongeza. Natasha humsahihisha matamshi, ingawa mwenyewe mama yake akimsemesha Kiswahili anajibu kwa Kiingereza.

Jana jioni ilikuwa zamu ya nyumba hiyo kukaribisha ibada ya majirani. Kila mmoja alitaja hitaji lake. Mmoja aliomba makaratasi ya uhamiaji yatoke, mwingine goti la mama yake lipone. Zamu ya Ogi ilipofika, akasema ukweli: anahitaji mtu mmoja ashindwe kucheza kesho.

Gitonga akaficha kicheko nyuma ya Biblia.

"Nikamwambia, Ogi, hiyo siombi," anakumbuka Makena. "Mimi kazi yangu ni kupigania watu wapone. Sasa nimwambie Mungu avunje mguu wa mtoto wa wenyewe?"

Lakini hakumwacha mgeni wake hivihivi. Alifumba macho na kuomba: "Bwana, kama kuna mtu pale ana jambo zuri zaidi mahali pengine, muite aende. Na aende akifurahi." Wakaitikia amina, kisha Makena akavaa sare yake na kwenda kazini.

Leo amekuja klabuni moja kwa moja kutoka kazini, na sasa amesinzia kwenye benchi la watazamaji, koti likiwa begani.

Asubuhi inakatika. Mechi moja inaanza, nyingine inaisha. Aliyekuwa akikohoa ameingia uwanjani na anapiga mpira kama mtu mwenye mapafu manne. Ogi amekula nusu ya ndizi na kuacha nusu nyingine.

Saa saba kasoro, mwamuzi mkuu, Stacy, anatoka ofisini na simu mkononi.

"Ogi, unaingia uwanja namba tatu. Mchezaji mmoja amejitoa, amekimbilia uwanja wa ndege. Mkewe ameshikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku zake."

Ogi anasimama, raketi zinaanguka. "Wako salama?" anauliza. Stacy anasema hajui.

Makena ameamka. Akielezwa, anashika kichwa. "Mungu wangu, si nilisema jambo zuri? Sasa huyo mama!" Anaanza kuomba upya palepale, safari hii kwa sauti.

Mpinzani ni mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka kumi na tisa, mwenye mabega ya mbeba mizigo. Seti ya kwanza anaichukua 6-3. Kila mtu ukumbini anaona tatizo: Ogi anaukwepa mpigo wa mikono miwili. Mpira ukija kushoto, anauzunguka au anaukata kwa mkono mmoja, akikilinda kile kifundo.

Katikati ya seti ya pili, simu ya Stacy inalia. Mtoto wa kike amezaliwa, yeye na mama yake ni wazima. Makena anapiga vigelegele hadi mchezo unasimamishwa, na mwamuzi anamwomba kwa adabu anyamaze. Ogi, aliyeelewa, anainua raketi juu.

Seti hiyo anaishinda 7-6. Ya tatu inafika 5-4, Ogi akiongoza, pointi moja tu imebaki ashinde. Mpira unakuja kushoto, karibu mno na mwili, hakuna nafasi ya kuuzunguka. Anashika raketi kwa mikono miwili na kupiga.

Mpira unatua ndani ya mstari. Kifundo hakijauma.

Ogi anakaa kwenye kiti na kujifunika taulo kichwani. Analia, na hafichi. Makena naye analia, akisema ni usingizi.

Kesho yake alifungwa raundi ya pili 6-2, 6-3, akarudi Brooklyn Center akipiga mluzi, akala chapati tano. Jumatatu orodha ilipotoka, jina lake lilikuwamo, elfu moja mia saba na kitu. Wiki hii anaelekea Illinois kwa basi, aanze tena na mchujo. Amejipa mwaka mmoja arudi kwenye mia tano na kitu, na klabu imemwahidi darasa la watoto la kufundisha majira ya joto.

Kabla ya kuondoka alilazimika kumpigia mama yake.

"Nilikuwa nimeandaa maneno ya kurudi nyumbani," anasema. "Nilidhani nikishindwa ndipo nitapumua. Kumbe nimepumua sasa. Nikamwambia, mama, bado sirudi. Akaniuliza kama nina soksi nzito."

Anafunga zipu ya begi. "Nikamwambia ninazo."