Kifumba Kilichosikia Kicheko

Mgeni alikuwa safarini siku ya tisa alipoufikia mji ule wa mlimani, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akauliza njia kwa lugha tatu kabla ya kupata inayoeleweka. Wakamwelekeza kwa Mama Kimya, mchumaji wa kifumba, mwenye chumba cha kupangisha juu ya banda lake la kukaushia.

Kifumba ni ua la buluu linalochanua alfajiri na kufumba likisikia sauti ya mtu. Likichumwa limechanua, hukata damu ya mzazi aliyejifungua. Likifumba kabla, dawa hurudi mizizini, yakabaki makapi. Ndiyo maana wachumaji hubana kifungo cha shati midomoni. Mama Kimya alikuwa na kifungo kilekile kwa miaka thelathini. Tatizo ni kwamba yakishakauka, maua yote hujikunja yakafanana. Ajuaye ni mchumaji na Mola wake.

Siku ya pili mgeni aliomba kwenda bondeni kutazama uchumaji. Akajifunga leso mdomoni, akanyata kama mwizi wa kuku, kisha akateleza akakaa dimbwini, chubwi! Mama Kimya akaangua kicheko. Kifungo kikamtoka. Bonde zima likafumba.

Angeweza kurudi kesho yake. Lakini kuingia mjini na kapu tupu, yeye, mchumaji wa miaka thelathini! Akayachuma hivyohivyo. Mgeni, asiyejua lolote, akamsaidia kubeba.

Wiki ilipoisha, mkunga aliingia bandani mbiombio.

"Shoga, nipe pakiti. Wifi yako uchungu umemwanza. Anasema haogopi, dawa ni ya wifi yake."

Mama Kimya alimpa, macho yakiwa sakafuni.

"Za wenzake sizichukui mpaka waape," mkunga alimwambia mgeni. "Za huyu natia kibindoni hivi hivi. Wewe je, umejifunza kunyamaza?"

"Wapi! Juzijuzi bondeni nilianguka, mama huyu akacheka mpaka kifungo kikaruka."

"Acheke? Huyu?" Mkunga alishika kiuno. "Mgeni, uongo wako hauna hata chumvi." Akatoka akicheka.

Mama Kimya alihisi masikio yanawaka. Heri angetukanwa. Alifungua kabati, akatoa kopo la kifumba kizima cha msimu uliopita. Angeweza kumkimbilia mkunga na kusema amekosea pakiti, yakaisha. Ila pakiti mbili za kapu lile zilikwisha kwenda nyumba nyingine jana, na huko hadithi ya kukosea isingefaa: nani hukosea pakiti mara tatu?

"Mgeni," alisema, sauti ikikwaruza. "Hukusema uongo. Yale maua yalifumba. Niliyachuma nikijua."

Mgeni alisogea karibu. "Kwa sababu yangu?"

"Wewe ulianguka tu. Mikono ni yangu."

Kwa mazoea alikitia kifungo midomoni. Akakumbuka anakokwenda kukiri: chumba kimejaa mawifi, mashemeji na majirani, na mzazi kitandani anayemwamini; kisha ile nyumba ya jana. Akakitema kiganjani, akakiweka mezani.

"Makapi yaliyobaki kwenye trei yatie motoni. Yote. Usiache hata moja, nisije nikajionea huruma nikayauza."

Akajitanda khanga, kopo kwapani, akatoka akikimbia na miguu yake mibovu. Mgeni alibaki, akainua trei ya kwanza.