Bomba Lisilotoa Maji

Bomba lenyewe lilikuwa kavu tangu enzi za babu zao. Lakini kijiji kizima huko Uingereza kilikutana mtandaoni kubishana lipakwe rangi ya kijani au nyeusi. Ati urithi. Ala! Kwetu lingekuwa limeshauzwa chuma chakavu, na nyama tumekula.

Niliyasikia hayo kwa sababu ya kazi tu. Nilikuwa nikimtunza mama mmoja mzee hapa Toongabbie, kitongoji cha Sydney, Australia, Mwingereza wa kijiji hicho aliyekuja huku akiwa msichana. Ofisi ilitaka nimwite kwa jina lake. Wapi! Mtu wa umri wa nyanya yangu? Nilimwita Mama, akazoea. Korona ilipotufungia, mikutano ile ikawa ndiyo kanisa lake. Alikuwa akipaka lipstiki, namwekea kompyuta mezani, kisha nakaa kando na barakoa yangu nikiwacheka kimoyomoyo.

Jioni moja wangeonyesha ramani ya kijiji cha zamani, kila nyumba na jina la aliyeishi humo. Mama aliingojea wiki nzima. Baba yake alikuwa mchunga ng'ombe wa watu, na Mama alitaka kuliona jina la baba huyo pale kabla yeye mwenyewe hajafa.

Kidole chake kikafuata njia, kikapita kanisa, kikapita bomba, kikasimama. Mahali alipozaliwa wameandika: banda la ng'ombe.

"Hapo ni kwetu," akasema. "Tulilala humo sote."

Mwenyekiti, bwana aliyejifungia tai akiwa sebuleni kwake, akatabasamu. Kumbukumbu za kijiji hazionyeshi mtu kuishi pale, akasema. Labda mama amesahau, umri nao. Kisha wakarudi kwenye rangi.

Nilichemka. Washenzi wa tai! Chuma kikavu wanakibembeleza, mtu aliye hai wanamwambia hakuzaliwa. Nikaivuta kompyuta.

"Kumbukumbu ndiye huyu hapa, bwana. Si mumuulize!"

"Na wewe ni nani?"

"Mtoto wake," nikasema, nikavua barakoa wanione vizuri.

Wakatuzima sauti. Mama akaifunga kompyuta, akaenda kulala.

Wiki iliyofuata, saa ya mkutano, alipaka lipstiki kama kawaida. Nilipoleta kompyuta akaisukuma kando, akanionyesha kiti kilicho mbele yake.

"Haya," akasema. "Niulize wewe."

Nikamwuliza baba yake aliitwa nani. Akalitaja jina lote, polepole, nami nikalirudia hadi aliporidhika kwamba nimelishika.